Pololeti kuwa Pori la Akiba: mstari ulipita mahali pake?

Mwana wa Sale
Wakuu, naomba tulijadili hili bila matusi. Loliondo, huku wilayani Ngorongoro mpakani na Kenya, ilikuwa Pori Tengefu (eneo ambalo kuwinda ni kwa kibali) la kama kilomita za mraba 4,000, na ndani yake kuna vijiji vilivyosajiliwa, shule, zahanati na minada. Juni 2022 serikali ikamega 1,500 ikasimika vigingi, na Oktoba mwaka huohuo zikatangazwa kuwa Pori la Akiba Pololeti, yaani hifadhi ambayo kuchunga ndani yake ni marufuku. Zilizobaki, kama 2,500, tukaambiwa ni za wananchi. Sheria ya Wanyamapori ya 2009 ilishasema ardhi ya vijiji na mapori tengefu vitenganishwe, kwa hiyo siku hiyo ingefika tu. Siulizi kama uhifadhi ni mzuri au mbaya. Nauliza mstari. Ulipita mahali pake?

Nyika Tupu
Ulichelewa miaka thelathini. Serengeti siyo zizi. Nyumbu zaidi ya milioni moja wanazunguka kati ya Serengeti na Mara, na Loliondo ni njia yao. Maboma yakiendelea kuota kama uyoga, wajukuu zetu watasimuliwa tu kwamba hapa walipita nyumbu. Na tuambizane ukweli: nusu ya ng'ombe wanaochungwa pale ni wa Wakenya. Sasa tunamlilia nani?

Ronjo
Nusu? Uliwahesabu lini? Mimi ni wa kijiji cha Ololosokwan, hukohuko Loliondo, nina kitambulisho cha NIDA kama wewe. Babu yangu alitolewa Serengeti mwaka 1959, wazee wakaambiwa waache Serengeti, huku kwingine wakae. Wakakubali, wakahama. Leo mjukuu wake akiuliza habari ya malisho anaitwa Mkenya, kosa lake kuvaa shuka.

Nyika Tupu
Sijakutaja wewe. Nimesema ng'ombe.

Ronjo
Na ng'ombe wana wenyewe. Ukisema ng'ombe ni wa Mkenya umeshasema mimi ninayewachunga ni kibarua wa Mkenya. Usijifiche nyuma ya mkia wa ng'ombe.

Mzee wa Mnada
Vijana, punguzeni moto. Nimenunua na kuuza ng'ombe mpakani tangu enzi ambazo wengi wenu hamjazaliwa. Ng'ombe wanavuka, sikatai. Lakini mara nyingi wanavuka KWENDA kule, kwa sababu bei ya kule inalipa. Ukame ukikaza upande mmoja, ndugu wa upande wa pili anakupokea, kesho na wewe unampokea. Ni mashemeji hao, wameoana. Anayesema nusu aje asimame mnadani siku moja tu, ahesabu kwa kidole.

Kifungu kwa Kifungu
Mmeliacha swali. Na wote mnasahau kwamba ardhi yote Tanzania ni ya umma, Rais ni mdhamini. Anaweza kuhamisha kipande kutoka kundi moja kwenda lingine. Kwa hiyo "ardhi yetu, ardhi yetu" haina mashiko.

Ronjo
Mdhamini ni mwenye mali?

Kifungu kwa Kifungu
Sijasema hivyo. Nimesema ana mamlaka.

Mwana wa Sale
Hapo naomba tutulie kidogo, maana ndipo penye kiini. Sheria za ardhi za 1999 zinataja makundi matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Shida ya Loliondo ni kwamba ardhi ileile ilikuwa ya vijiji, na juu yake limelala pori tengefu. Kwa sheria ya zamani ya 1974 haikuwa taabu, kwa sababu pori tengefu lilizuia kuwinda bila kibali, halikuzuia kuchunga. Ya 2009 ndiyo iliyofanya viwili hivyo visikae kitanda kimoja. Rais anaweza kuhamisha, ndiyo, lakini ardhi ya kijiji ina utaratibu wake: wanakijiji wajulishwe, wasikilizwe, fidia ijulikane.

Ronjo
Na mahakama ilishafuta hilo tangazo! Kwa hiyo vigingi vile ni haramu.

Kifungu kwa Kifungu
Unachanganya. Mahakama Kuu Arusha, Septemba 2023, ilibatilisha tangazo la JUNI, lile lililoziita kwanza zile 1,500 pori tengefu la Pololeti, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa. Tangazo la OKTOBA la pori la akiba ni jingine, na serikali ilijibu kwamba la Juni lilishapitwa na wakati. Ile kesi ya Mahakama ya Afrika Mashariki nayo ilitupwa Septemba 2022, kisha Novemba 2023 kitengo cha rufaa kikairudisha isikilizwe upya. Hapo hakuna aliyeshinda.

Ronjo
Umejibu kama mtu ambaye hajawahi kulala nje. Ya Juni yamebatilishwa, lakini vigingi vya Juni vimesimama palepale. Niambie hiyo inaitwaje kwa lugha ya vifungu vyako.

Mlinzi Mstaafu
Nimevaa gwanda la hifadhi zaidi ya miaka ishirini, naomba nisikilizwe na mimi. Tazameni jirani zenu wa Hifadhi ya Ngorongoro: mwaka 1959 ilikuwa na watu kama 8,000, sasa wanakaribia au wamepita laki moja. Eneo halijaongezeka hata hatua. Mnaona askari ni adui, lakini nimebeba mizoga ya nyumbu walionaswa kwenye nyaya, nimezima moto usiku na matawi. Sehemu isipokuwa na mwenyewe anayesema "hapana", inaisha. Nimeona kwa macho yangu.
Nitasema na la pili, msinitukane wenzangu. Nyaya zile hatukuzikuta kwa wafugaji. Mmasai kwa desturi hali nyamapori. Kiangazi tulikuwa tunakuta ng'ombe na pundamilia bonde moja, wanakunywa kwa zamu. Na kilichowaudhi watu siyo uhifadhi, ni kuona mfugaji anaondolewa huku kitalu kilekile kina kampuni ya uwindaji ya kutoka Falme za Kiarabu tangu 1992. Hilo hata mimi nilikuwa nashindwa kuwajibu vijana wakiniuliza.

Nyika Tupu
Uwindaji wa kitalii unaingiza fedha za kigeni na unahesabiwa mnyama kwa mnyama. Ng'ombe wanahesabiwa na nani?

Mama wa Ndama
Nawasoma tangu asubuhi. Mnabishana kilomita, 1,500 na 2,500, kama vile kilomita zote zina majani. Ngoja niwaambie kwa nini tulikuwa tunakwenda kule.
Nyumbu wakizaa, kama Februari hivi, ndama wao wana ugonjwa. Wao wenyewe hauwaui. Ng'ombe akila majani walipolala ndama wa nyumbu, unamwona baada ya wiki kadhaa: jicho linaingia ukungu mweupe kama maziwa, makamasi mazito yananing'inia, ngozi ya pua inabanduka, anasimama kichwa chini hataki majani wala maji. Ukimwona hivyo umeshampoteza. Hakuna dawa. Kwa hiyo nyumbu wakishuka, sisi tunapanda. Nyumbu wakiondoka, tunarudi. Hatukukaa na nyumbu kwa sababu ya kupendana, tulipishana. Kigingi kimekata hapo, kwenye kupishana. Sasa miezi ile tunabaki nao upande mmoja, au tunavuka kigingi.
Mwaka jana ng'ombe wetu 14 walikamatwa. Alikuwa nao mwanangu wa miaka 13, asubuhi ya ukungu, kigingi hakukiona. Tukaambiwa laki moja kwa kila kichwa. Ilibidi tuuze majike mawili yenye mimba, kwa bei ya mtu aliyeona tuna shida, na kilichopungua tukakopa. Sijui kama nyumbu mmoja alipona kwa sababu ya ile pesa.

Nyika Tupu
Pole, mama. Lakini mtoto wa miaka 13 alikuwa porini asubuhi badala ya shuleni? Ndiyo maana hamuendelei.

Mama wa Ndama
Ilikuwa Jumamosi.

Ronjo
Amekueleza ugonjwa, faini, majike yenye mimba, wewe umeona shule tu!

Mwalimu wa Zamu
Samahani, kuhusu shule naomba niseme, maana nimefundisha huko. Tukiwalaumu wazazi tuwalaumu nusu. Boma likihama mtoto anahama. Wakati wa vigingi, Juni 2022, watu walikimbilia hadi ng'ambo ya mpaka, na darasa langu lilipungua ghafla. Niliita majina asubuhi, nikaacha kuita katikati kwa sababu hakuna aliyeitika mfululizo. Waliobaki walikuwa wananiangalia tu.

Nyika Tupu
Na yule askari polisi aliyeuawa kwa mshale siku hizohizo? Hakuna anayemwita jina.

Mwalimu wa Zamu
Mimi namlilia pia. Alikuwa mtoto wa mtu. Sijasema asililiwe.

Mzee wa Mnada
Mwanangu Nyika, wewe ni wa wapi?

Nyika Tupu
Nilipo hapahusiani na hoja.

Mwana wa Sale
Turudi. Mlinzi, kwako wewe: ingewezekana mstari uwe wa msimu? Miezi ya nyumbu hakuna mfugo, miezi ya kiangazi ng'ombe waingie kwa idadi na kwa ratiba?

Mlinzi Mstaafu
Kwenye pori la akiba, hapana, kuchunga ni marufuku. Ndiyo maana jina lina uzito. Kungekuwa na hadhi nyingine, kama jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori inayosimamiwa na vijiji, ratiba ingewezekana. Wazee wao walikuwa nayo kabla yetu. Hatukuwauliza.

Kifungu kwa Kifungu
Hizo jumuiya nyingi mapato yanagotea njiani. Msizipambe.

Nyika Tupu
Na ng'ombe wa Kenya bado hamjanijibu.

Mama wa Ndama
Mlinzi, baba, kama bado upo. Kile kijito kinachokauka mwisho, chenye miti mitatu mikubwa upande wa magharibi, kiko ndani au nje ya vigingi? Tumeulizia sehemu mbili, majibu mawili tofauti. Mvua imekatika tangu wiki iliyopita na alfajiri tunawatoa.