Mrejesho: Ile lenzi yangu ya kamera, Vivitar 135mm, kiwanda kimejulikana

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza ni nani hasa aliyetengeneza lenzi yangu ya mtumba, Vivitar 135mm f/2.8 ya skrubu ya M42 (mtindo wa zamani wa kufunga lenzi kwenye kamera kwa kuizungusha), maana Vivitar lilikuwa jina la kibiashara tu la Ponder & Best wa Marekani; lenzi ziliagizwa viwandani, hasa Japani.

Mdau aliyesema nisome namba ya mfululizo kapatia. Yangu, kwenye pete ya mbele kuzunguka kioo, inaanza na 28722. 28 ni kiwanda cha Komine, 7 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, 22 ni wiki. Ingeweza kusomeka 1987, ila kufikia hapo skrubu ya M42 ilishapitwa, kwa hiyo nasimama na 1977.

Wenye Vivitar nyingine, tazameni tarakimu mbili za mwanzo: 22 ni Kino Precision, haohao wa lenzi za Kiron, 37 ni Tokina. Ile zoom ya Vivitar, Series 1 70-210mm, inayosifiwa sana, toleo la kwanza ni Kino, la pili Tokina, la tatu Komine. Muuzaji akikwambia "zote ni zilezile", mwombe picha ya namba kwanza. Lenzi za jina la Soligor msizisome hivi, zina mpangilio wake.

Yangu siiuzi, msinifuate inbox.