Amsterdam mpaka Lisbon ni masaa mangapi kwa ndege?

mwana_shangani: Wakuu habari zenu, mdogo wangu wa kike anaondoka Mtwara kwenda kusoma Ureno, anapanda ndege Dar mpaka Amsterdam halafu anabadilisha ya kwenda Lisbon, sasa tiketi ya hiyo ya pili inaondoka saa 4 asubuhi inafika saa 6 mchana, mama anasema haiwezekani masaa mawili tu. Umbali ni kiasi gani?

korosho_daraja_la_kwanza: Mama yuko sahihi. Schiphol (uwanja wa ndege wa Amsterdam) mpaka Lisbon ni kama km 1,850 hewani, masaa matatu hivi. Ureno iko nyuma ya Uholanzi kwa saa moja na tiketi inaandika saa za kila mji, ndo maana inaonekana mawili. Mtwara-Dar hewani ni km 400 tu, pigeni hesabu wenyewe.

binti_lindi: Kurudi huwa inapungua kidogo maana upepo wa juu kule unavuma kutoka magharibi unaisukuma ndege. Ila kubwa zaidi, ukaguzi wa pasipoti wa kuingia Ulaya atafanyiwa Amsterdam sio Lisbon, nchi zote mbili ziko Schengen (kundi la nchi za Ulaya ambazo ukishaingia moja hukaguliwi tena pasipoti kwenda nyingine), na foleni yake inaweza kuwa ndefu, mimi mtu wa mara ya kwanza nisingemkubalia nafasi ya chini ya masaa mawili kabisa.

mwana_shangani: Asante dada, asante mkuu. Katikati ana masaa matatu. Ngoja nimwambie barua ya chuo aiweke begi la mkononi.