Kikundi cha ukoo, Ohio: Idi na promu

Idi: Shikamooni. Promu, ile dansi rasmi ya shule yetu ya sekondari, ni Jumamosi tarehe 9 Mei. Nataka kumwalika Rehema, lakini ikitajwa tu anasema "mimi na dansi wapi na wapi". Wenzangu wanasema nichore bango nimwombe mbele ya watu.

Shangazi Mwanaisha: Marahaba mwanangu. Bango achana nalo. Mtu anayesitasita ukimwuliza mbele ya watoto mia wenye simu mkononi, atakubali kwa haya kisha akukwepe wiki nzima, au atakataa mfedheheke wote wawili. Mwulize mkiwa wawili, mahali anapoweza kuondoka. Si ndani ya gari unaloendesha wewe.

Baba mdogo Salim: Kwanza ujue anachositia. Kucheza? Gauni? Wazazi?

Dada Zuhura: Gauni mara nyingi ndilo lenyewe, na hatakwambia. Msimu huu baadhi ya maktaba na makanisa hukusanya magauni ya promu na kuyagawa bure. Usimpelekee wewe, ataona kama sadaka. Tangazo nitaliweka kwenye kikundi cha mabinti, alione mwenyewe.

Idi: Nadhani ni kucheza. Na mama yake mkali. Halafu yuko shule nyingine.

Baba mdogo Salim: Ungeanza na hilo! Kuna fomu ya mgeni, ichukue ofisini kesho. Kwa kawaida inataka sahihi ya mzazi wake, sahihi ya mkuu wa shule yake na nakala ya kitambulisho, na mara nyingi hufungwa mapema kuliko tiketi. Hiyo sahihi ya mkuu ndiyo huchelewesha. Fomu isiporudi kwa wakati, hata akikubali, mlangoni hapiti.

Shangazi Mwanaisha: Mwambie hivi: "Rehema, promu ni tarehe 9 Mei. Ningependa twende wote, kama marafiki. Kucheza si lazima. Tutakula, tutapiga picha, saa nne usiku uko kwenu. Usinijibu leo, nijibu Ijumaa." Hiyo saa ya kurudi usiiruke, ndiyo mama yake atakayouliza kwanza. Akikubali, mama yako aende kwao kusalimia kabla ya tiketi kununuliwa. Akikataa, "sawa, asante kwa kuniambia", basi. Usimtume shoga yake akambembeleze. Na "nitafikiria" ikishapita Ijumaa, ihesabu ni hapana.

Mama Idi: Akikubali muulize rangi ya gauni, ndipo tuagize bangili yake ya maua na ua lako la kifuani, siku kama 10 kabla. Yakifika yanakaa kwenye rafu ya friji, si friza, petali zitageuka kahawia. Na ndizi na matofaa yatoke humo: tunda linaloiva hutoa gesi ya ethilini, maua yananyauka kabla hujavaa. Ua lako linakaa ukosi wa kushoto, pini iingie kwa nyuma, ncha ijifiche ndani ya kitambaa.

Baba mdogo Salim: Suti ya kukodi uijaribu palepale dukani siku ya kuichukua. Mkono ukizidi urefu wanabadilisha, nyumbani hakuna wa kukubadilishia.

Idi: Nimwulize Jumatano baada ya madrasa?

Shangazi Mwanaisha: Jumatano sawa. Fomu iwe ndani ya begi, usiitoe mpaka akubali.