Naomba ushauri: mama afanyiwe upasuaji kwa nusu kaputi au ganzi ya mkono?

Wakuu, habari za jioni. Tupo Masasi. Mama aliteleza akiokota korosho, kavunjika kifundo cha mkono wa kulia, mfupa umekaa upande, daktari anataka kuweka chuma. Katupa njia mbili: nusu kaputi alale kabisa, au sindano ya kwapani mkono ufe ganzi, yeye yuko macho. Mimi naona ganzi, maana ana pumu, halafu hata upasuaji ukiisha inaendelea kutuliza maumivu kwa saa kadhaa. Mwenyewe hataki kusikia: "Nilale pale nisikilize wanavyonitoboa mfupa?" Mliochomwa ya kwapani, ile drili mliisikia? Mliongezewa dawa ya kusinzia? Na ganzi isiposhika vizuri, wanafanyaje?