Kwa nini masafa ya kichakataji cha michoro hushuka ilhali nimeweka kikomo cha chini?

Swali

Ndugu wataalamu, nina ubao mdogo wa ARM unaoendeshwa na Linux, nao hufanya kazi ya kuchakata video mfululizo. Ili kazi isikwame, nilichagua kidhibiti cha `performance` (kanuni inayoshikilia masafa ya juu) katika `/sys/class/devfreq/`, kisha nikaandika 800000000, yaani masafa ya juu kabisa, ndani ya `min_freq`. Mwanzoni `cur_freq` husoma vilevile, lakini joto likipita nyuzi 75 za Selsiasi masafa huporomoka hadi 400000000, hupanda, kisha huporomoka tena, na video hukatikakatika. Ni nani anayepuuza kikomo nilichoweka, na nifanyeje ili masafa yatulie?

Jibu la kwanza

Kikomo chako hakipuuzwi, ila kimezidiwa nguvu na kingine. Mfumo wa devfreq, unaopanga masafa ya vifaa kama kichakataji cha michoro na uliomo katika Linux tangu toleo la 3.2 la mwaka 2012, hupokea maombi kutoka pande kadhaa: mtumiaji kupitia sysfs (faili za mipangilio zilizo chini ya `/sys`), viendeshi, na mfumo wa kudhibiti joto. Katika matoleo ya sasa maombi hayo hukusanywa na PM QoS, sehemu ya Linux inayopatanisha vikomo vya namna hiyo. Miongoni mwa vikomo vya juu hushinda kilicho kidogo kuliko vyote, na miongoni mwa vya chini hushinda kilicho kikubwa. Vikigongana, keneli (kiini cha Linux) hukishusha cha chini kilingane na cha juu. Naona uamuzi huo ni wa haki, kwa kuwa kazi inaweza kuchelewa bila madhara ya kudumu, lakini kifaa kilichoungua hakirudi.

Masafa yanaposhuka, soma `max_freq`. Faili hilo halikurudishii ulichoandika, bali matokeo ya maombi yote kwa pamoja. Kisha soma `cur_state` ya kifaa cha kupoza kinachohusika, chini ya `/sys/class/thermal/`. Sifuri maana yake hakuna kizuizi, na kila hatua inayoongezeka huondoa daraja moja la masafa kutoka juu.

Muulizaji

Ahsante sana. Joto lilipokuwa 76200 (yaani nyuzi 76.2), `max_freq` ilisoma 400000000 na `cur_state` ilikuwa 3. Eneo hilo la joto linatumia kidhibiti cha `step_wise`. Je, nikipandisha kizingiti cha joto kinachoanzisha upozaji kutoka 75000 hadi 90000, tatizo litakwisha?

Jibu la pili

Sikushauri kuanzia hapo. Utakuwa umepunguza nafasi iliyobaki kabla ya kizingiti cha hatari, ambacho kikifikiwa keneli huizima mashine nzima. Isitoshe, umeme unaovuja ndani ya silikoni huongezeka kadiri joto linavyopanda, kwa hiyo utalipa nishati zaidi kwa kazi ileile.

Kuyumba unakokuona kunatokana na jinsi `step_wise` inavyofanya kazi: joto likiwa juu ya kizingiti na bado linapanda, huongeza hatua moja ya kupoza, likishuka, huipunguza. Vipimo vya joto vikipishana kwa muda mrefu, hatua hufika zikiwa zimechelewa. Andika 600000000 katika `max_freq` kwanza, na uishushe `min_freq`. Nguvu inayotumika hufuata masafa pamoja na mraba wa volteji, na jedwali la OPP (orodha ya masafa na volteji zake) kwa kawaida hushusha vyote viwili kwa pamoja. Tuseme volteji inatoka 1.0 hadi 0.9: 0.75 mara 0.81 ni takriban 0.61, yaani umepoteza robo ya kasi lakini umepunguza karibu asilimia 39 ya nguvu inayobadilika na masafa. Kasi ya wastani isiyoyumba itaifaa video yako kuliko kilele cha muda mfupi.

Hilo lisipotosheleza, punguza `polling-delay-passive` (muda kati ya vipimo vya joto wakati wa kupoza) katika maelezo ya vifaa vya ubao, au jaribu kidhibiti kingine cha joto, `power_allocator`, kilichoingia katika toleo la 4.2 mwaka 2015. Hiki hugawa bajeti ya nguvu kwa hesabu ya PID (inayojirekebisha kwa kufuata tofauti kati ya joto lililopo na linalotakiwa), lakini kifaa kisicho na takwimu za matumizi yake ya nguvu hakihesabiwi katika mgawo huo.

Jibu la tatu

Ningeongeza kwamba uangalie pia kichakataji kikuu. Mara nyingi hukaa katika silikoni moja na kile cha michoro, na huenda ndicho kinachozalisha sehemu kubwa ya joto huku mwenzake akipunguziwa kasi. Unapolinganisha, kumbuka kwamba cpufreq, mfumo wa masafa ya kichakataji kikuu, huandika masafa kwa kilohezi, ilhali devfreq huyaandika kwa hezi.