Fundi aliyeniambia mbele ya mama mkwe kwamba robine ni nzima na mkono wangu ndio umechakaa

Mama wa Ibanda:
Ndugu zangu wa Bukavu, ninaandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira. Fundi huyo wa robine sitamtaja, kwa kuwa nyote mnamjua: ukimwita saa mbili anafika saa nane, na begi lake lina ufunguo mmoja tu anaoutumia kwa robine, kwa pikipiki na, nadhani, kwa kukorogea ugali.

Robine ya jikoni ilikuwa inadondosha maji mdomoni hata nikiifunga mpaka vidole viume. Bidoni ya lita 20 niliyoikinga usiku ilijaa kabla jogoo hajawika, na usiku ungeongezwa saa moja tungekuwa na mto Ruzizi wa pili. Nilimweleza kwa heshima kwamba robine hii ni ya kuzungusha, ya zamani, na kwamba huenda kimpira cha chini ya shina, kile chuma cha ndani kinachozunguka na kishikio, kimekwisha. Akaitazama robine, akanitazama mimi, kisha akasema, huku mama mkwe wangu ameshika kikombe chake cha chai: «Mama, robine ni nzima, mkono wako ndio umechakaa.»

Mkono wangu! Mama mkwe alicheka hadi chai ikamwagikia kitenge.

Akaikaza kwa ule ufunguo mpaka shina likalia, akachukua faranga zake, na maji yakaacha kudondoka kwa muda uleule aliotumia kufika barabarani. Nikafunga vani ya kuzuia maji iliyo karibu na mita ya maji, nikaifungua robine mwenyewe. Kimpira kilikuwa kigumu kama sarafu na kina mfereji wa mviringo katikati. Nikapitisha kidole kwenye kikalio cha shaba ambacho kimpira hukandamizwa juu yake, nikakuta kimemong'onyoka upande mmoja, kwa hiyo hata kimpira kipya kitaliwa upesi kikalio hicho kisiposagwa kiwe sawa. Nilivigundua vyote hivyo kwa mkono uliochakaa!

Mzee wa Bagira:
Pole sana, Mama, lakini kabla hatujamhukumu fundi, tuonyeshe kwanza huo mkono.

Shemeji Nyawera:
Afadhali wewe. Fundi wangu alikata kimpira kutoka kandambili ya mtoto wangu, ya mguu wa kushoto, nilipokwenda kumtafutia maji ya kunywa. Robine inavuja vilevile, na mtoto anakwenda shule akichechemea.

Fundi Mstaafu:
Mama umesema kweli, ingawa si kila robine ina kimpira hicho. Maji yakitokea chini ya kishikio badala ya mdomoni, tazama pete ya mpira inayozunguka shina, na usiipake mafuta ya kujipaka mwilini, maana kuna mipira inayovimba ikiguswa nayo. Grisi ya silikoni ndiyo yake. Robine ya kishikio kimoja cha kuinua haina kimpira, ina kartushi, kile kipande cha ndani kinachofungua na kufunga maji, na kartushi ya upana wa milimita 35 inafanana na ya 40 kama pacha, kwa hiyo nenda dukani na ile ya zamani mfukoni.

Kijana wa Kadutu:
Milimita 40 msinikumbushe! Muuzaji wa sokoni aliniuzia hiyo wakati nilitaka 35, na niliporudi akaniambia kwamba robine yangu ndiyo iliyonyauka. Nimekwenda mara tatu, na nauli ya pikipiki imeshapita bei ya robine nzima.

Mama wa Ibanda:
Jamani, tulikuwa kwenye mkono wangu. Mbele ya mama mkwe!

Jirani wa Panzi:
Ninyi mna maji ya kudondoka na bado mnalalamika? Kwangu kimpira ni kipya, kikalio kinang'aa, pete ina grisi ya silikoni, na tangu Jumapili robine inatoa hewa tu, tena kwa mluzi.

Shemeji Nyawera:
Kijana wa Kadutu, hebu muulize huyo muuzaji wako kama anauza kandambili ya kushoto bila ya kulia.