Unga wa lishe hautoki: nilipie tangazo Instagram au redioni?

Binti Mbagala: Habari za jioni wakuu. Nauza unga wa lishe hapa Mbagala: mahindi, ulezi, mchele, soya na karanga. Majirani wakimaliza wanarudi, ila mtandaoni hautoki. Ukurasa wangu wa Instagram una wafuasi zaidi ya elfu 18, wanaouliza bei wa kuhesabu. Nilipie matangazo Instagram au niende redioni? Kodi ya fremu inakaribia na mtaji unakata.

Mzee wa Fremu: Redio achana nayo. Nilitangaza vipuri vya pikipiki, wakapiga simu watu wa Kibaha na Bagamoyo, hakuna aliyefika. Nikachapisha vibandiko, nikawapa bodaboda wa kijiweni kwangu. Hao ndio wanaoniletea wateja mpaka leo.

Mchuuzi Huru: Elfu 18 na hakuna wanunuzi? Uliwapataje?

Binti Mbagala: Wamekuja taratibu tu.

Mchuuzi Huru: Taratibu vipi dada? Sema, tusije tukapiga ramli.

Binti Mbagala: Ukurasa niliununua kwa kijana mmoja, ulikuwa wa mikeka ya kubeti. Nikabadili jina. Lakini wanaobeti nao wana watoto, na mtu akiona wafuasi wengi anakuamini. Halafu kuna msanii nimeshampa nusu ya hela anipostie, siwezi kurudi nyuma.

Mja wa Mola: Dada yangu, kamari haina baraka, hata ukurasa wake. Anza upya kwa nia safi, riziki anatoa Mungu.

Mama Pacha: Mimi ni mama, unga wa mwanangu sinunui kwa ajili ya msanii. Natazama alama ya TBS (Shirika la Viwango), tarehe ya kusagwa na umri wa mtoto. 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu ya kwenye mahindi, na karanga nazo zinashika sumu hiyohiyo. Tuoneshe unavyochambua mbegu mbovu na unavyokaanga soya, hilo ndilo tangazo. Tangu 2019 usajili wa chakula uko TBS, si TFDA tena, ile mamlaka ya zamani ya chakula na dawa. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe barua ya utambulisho. Na kwenye mfuko usiandike umri chini ya miezi 6!

Kiboko ya Chai: Subirini kwanza. Huyu si alileta uzi wa saluni juzijuzi? Hii chai, stori ya kutunga.

Binti Mbagala: Saluni ni ya mdogo wangu, tunatumia akaunti moja.

Kiboko ya Chai: Tupia picha ya mashine.

Binti Mbagala: Mashine sina, nasagisha. Mifuko hii hapa.

Mzee wa Fremu: Kiboko, mwache. Hata mimi mwanangu anaingilia akaunti yangu.

Mama Pacha: Mifuko nimeiona. Haina tarehe, haina bei, haina namba ya simu. Mteja akupatie wapi?

Mchuuzi Huru: Chai au si chai, wapo humu wenye shida hiihii. Wabeti hawatakununulia uji. Fungua ukurasa mpya, kila picha iwe na bei, na tangazo ukilipia lielekeze kwa kina mama wa Temeke tu, usirushe nchi nzima. Huyo msanii mmeandikishana?

Binti Mbagala: Hapana. Amesema anaposti Ijumaa.

Mchuuzi Huru: Mpigie leo, asubiri mpaka upate alama ya TBS. Nusu iliyobaki nunulia vifungashio.

Binti Mbagala: Nitampigia. Lakini ukurasa siufuti.